Una 'damu nzito'? Ifahamu protini inayogandisha damu kabla hujanunua vidonge

Alfajiri katika soko la samaki la Mwaloni, Kirumba jijini Mwanza, vidole hukatika kila siku. Miiba ya mapezi ya sangara ni mikali kama sindano, na kisu cha kupasulia sato hakichagui mkono. Damu inatoka, mtu anabana kidole kwa kitambaa na kuendelea kupatana bei na mteja. Dakika chache baadaye damu imekoma yenyewe.

Kazi hiyo imefanywa kwa sehemu kubwa na protini moja inayoitwa fibrinojeni. Bila hiyo, kidonda kidogo cha mwiba kingeweza kuvuja kwa muda mrefu.

Tatizo ni kwamba protini hiyo hiyo hukutwa kwenye donge la damu linaloziba mshipa wa moyo au wa ubongo. Ndiyo maana imekuwa ikihusishwa na mshtuko wa moyo na kiharusi, na ndiyo maana jina lake limeanza kuonekana kwenye vipeperushi vya maabara na kwenye ujumbe wa WhatsApp unaouza tiba za "damu nzito".

Je, kuwa nayo nyingi ni hatari? Jibu fupi ni ndiyo, lakini si kwa namna ambayo muuza vidonge anakuambia.

Iko hivi

Fibrinojeni hutengenezwa kwenye ini, kisha huelea ndani ya plazima, yaani ile sehemu ya majimaji ya damu. Kwa mtu mzima mwenye afya, kiwango chake huwa kati ya gramu 2 na 4 kwa kila lita. Ikiwa inaelea tu haina madhara, ni kama uzi ambao bado haujasukwa.

Mshipa ukikatika, mwili huamsha msururu wa protini nyingine, moja ikiiamsha nyenzake, hadi kinapatikana kimeng'enya kinachoitwa thrombini. Hiki ndicho kinachoikata fibrinojeni na kuigeuza kuwa nyuzi ngumu za fibrini. Nyuzi hizo husukana na kuwa kitu kinachofanana kabisa na nyavu za dagaa: matundu madogo, yanayonasa chembe sahani na seli nyekundu za damu. Wavu huo ukikaza, donge limekamilika na damu haitoki tena.

Jeraha likianza kupona, kimeng'enya kingine kinachoitwa plasmini huja kukata nyuzi hizo kipande kwa kipande. Waliofuatilia habari za Korona watakumbuka kipimo cha D-dimer. Kile kilikuwa kinapima vipande hivyo hivyo vya fibrini iliyokatwa.

Sasa fikiria mtu mwenye presha ya kupanda kwa miaka kumi bila kujua, au mvutaji wa sigara. Ndani ya kuta za mishipa yake mafuta yamejikusanya taratibu na kuweka utando. Siku moja utando huo unapasuka. Mwili hauna njia ya kutofautisha mpasuko huu na mwiba wa sangara. Unaona ni jeraha, unatupa wavu. Lakini safari hii wavu umetupwa ndani ya mshipa unaopitisha damu ya moyo, na mshipa wenyewe ni mwembamba. Ukiziba, sehemu ya moyo inakosa hewa na kuanza kufa. Ukiziba kwenye ubongo, hicho ni kiharusi.

Kwa hiyo msemo wa mtaani wa "damu nzito" si upuuzi mtupu. Fibrinojeni ikiwa nyingi, damu kweli huwa nzito kidogo zaidi, na donge linalojengwa huwa na nyuzi zilizobanana ambazo ni ngumu kukatika.

Namba zilizowashtua madaktari

Mwaka 1986 kundi la watafiti wa London lililoongozwa na daktari Tom Meade lilichapisha matokeo ya kuwafuatilia wanaume 1,511 wenye umri wa miaka 40 hadi 64. Wengi wakati huo walikuwa wanaitazama kolesteroli peke yake. Meade na wenzake walipima pia protini za kugandisha damu, na wakakuta kuwa waliokuwa na fibrinojeni nyingi ndio waliokuja kuugua moyo zaidi miaka iliyofuata. Mwaka mmoja baadaye utafiti maarufu wa mji wa Framingham, Marekani, ukatoa picha kama hiyo.

Kubwa zaidi ilikuja mwaka 2005. Watafiti walikusanya taarifa za watu 154,211 kutoka tafiti 31. Walipolinganisha watu wa umri na jinsia moja, kila ongezeko la gramu 1 ya fibrinojeni kwa lita liliambatana na hatari ya ugonjwa wa mishipa ya moyo karibu mara 2.4, na ya kiharusi mara 2 hivi. Walipoondoa mchango wa sigara, presha, kolesteroli na mengine, hatari ya moyo ilishuka hadi karibu mara 1.8. Imeshuka, lakini bado ni kubwa.

Ukiishia hapo, utasema dawa ni kuishusha fibrinojeni. Wengi waliamini hivyo, na baadhi ya wauzaji wa virutubisho bado wanaishi kwa imani hiyo.

Lakini je, ndiyo mkosaji?

Mwaka 2002 yalichapishwa matokeo ya jaribio la Uingereza lililohusisha wanaume 1,568 wenye mishipa ya miguu iliyoziba. Nusu walipewa bezafibrate, dawa inayoshusha mafuta ya damu na pia fibrinojeni. Fibrinojeni ilishuka kweli. Ila mshtuko wa moyo na kiharusi, vikijumlishwa, havikupungua kwa kiwango cha maana.

Kisha wakaja wataalamu wa vinasaba. Kuna watu wanaozaliwa na vinasaba vinavyofanya ini lao litengeneze fibrinojeni nyingi maisha yao yote. Kama protini hii yenyewe ndiyo inayosababisha ugonjwa, watu hao wangepaswa kuugua moyo zaidi ya wengine. Mwaka 2013 utafiti uliohusisha zaidi ya watu 100,000 ulitambua maeneo zaidi ya 20 ya vinasaba yanayoongoza kiwango hicho. Matokeo yake: waliorithi kiwango cha juu hawakuonekana kuugua moyo wala kiharusi zaidi.

Pale Mwaloni, ukiona yangeyange wamejazana sehemu moja, unajua kuna samaki wanaosafishwa. Unaweza kuwafukuza ndege wote, samaki watabaki pale pale. Fibrinojeni, kwa ushahidi mwingi uliopo, ni kama yangeyange hao. Ni kiashiria kwamba kuna kitu kinaendelea mwilini. Kitu chenyewe ndicho cha kutafuta.

Kinachoipandisha

Mwili ukiwa vitani, ini hutengeneza fibrinojeni kwa wingi. Homa ya mapafu, jipu, upasuaji wa wiki iliyopita, hata fizi zinazotoa damu kila ukipiga mswaki, vyote hupandisha kiwango. Ndiyo maana ukipima siku unayoumwa, majibu hayakuambii lolote kuhusu moyo wako.

Wajawazito nao hupanda sana, wengine hadi gramu 5 au 6 kwa lita kuelekea kujifungua. Huo si ugonjwa. Mwili unajiandaa kwa damu itakayotoka siku ya kujifungua.

Kuna yale yanayokaa muda mrefu: sigara, unene hasa wa tumboni, kisukari kisichodhibitiwa, kutofanya mazoezi, na umri. Sigara ndiyo yenye uhusiano ulio wazi kuliko yote, na habari njema ni kwamba mtu akiacha, fibrinojeni hushuka.

Virusi vya Ukimwi pia vimo. Utafiti wa kimataifa unaoitwa SMART ulionesha mwaka 2008 kuwa wagonjwa wenye D-dimer ya juu walikuwa kwenye hatari kubwa zaidi ya kufa. Virusi visipodhibitiwa, mwili hukaa vitani muda wote na mfumo wa kugandisha damu hauzimwi. Kwa anayetumia ARV, kutokukatisha dawa ni kuilinda na mishipa yake ya damu.

Kipimo chenyewe kinatumika lini?

Damu huchukuliwa kwenye chupa ndogo yenye kifuniko cha bluu, ambayo ndani ina dawa ya kuzuia isigande njiani. Madaktari hawakiagizi kwa kila mtu anayetaka kujua hali ya moyo wake, na hakuna sababu ya mtu mzima asiye na dalili kukimbilia kukilipia.

Kinachowafanya madaktari wakitake kwa haraka mara nyingi si fibrinojeni kuwa juu, ni kuwa chini. Mama anayevuja damu nyingi baada ya kujifungua akishuka hadi gramu 2 kwa lita au chini yake, hiyo ni ishara mbaya sana, maana nyuzi za kusuka wavu zinamwishia. Aliyeumwa na baadhi ya nyoka naye anaweza kuimaliza, kwa sababu sumu huila. Kwa kesi za nyoka kuna kipimo cha bei ndogo kabisa ambacho hata kituo kisicho na mashine kinaweza kukifanya: mililita 2 za damu kwenye chupa kavu na safi ya kioo, inaachwa dakika 20 bila kuguswa, kisha inainamishwa. Ikimwagika kama maji, damu haigandi. Kwa kipimo kinachohitaji saa ya ukutani tu, kimeokoa watu wengi.

Hatari iko kwenye aspirini ya kujinunulia

Hapa ndipo habari ya "damu nzito" inapoacha kuwa porojo. Mtu akisikia kichwa kizito, ganzi mkononi, au akimwona jirani amepooza, anapita duka la dawa na kuomba vidonge vya kulainisha damu. Anapewa aspirini ndogo, anameza moja kila siku kwa miezi. Presha hajapima.

Kwanza, aspirini haishushi fibrinojeni. Yenyewe huzuia chembe sahani zisishikane. Ni dawa nzuri sana kwa aliyekwisha kupata mshtuko wa moyo au kiharusi cha kuziba, na aliyeandikiwa na daktari asiiache kwa sababu ya kusoma makala. Kwa mzee asiyewahi kuugua, hesabu hubadilika. Jaribio la ASPREE, lililohusisha zaidi ya wazee 19,000 wa Australia na Marekani na kuchapishwa mwaka 2018, lilikuta aspirini ya kila siku haikuwakinga kwa kiwango cha maana, lakini iliwaongezea kuvuja damu.

Pili, kuna viharusi vya aina mbili. Kuna cha mshipa kuziba, na kuna cha mshipa kupasuka na damu kuvuja ndani ya ubongo. Kwa nje vinafanana: mdomo kwenda upande, mkono kukosa nguvu, maneno kukatika. Katika utafiti wa kimataifa wa INTERSTROKE uliochapishwa mwaka 2010, kiharusi cha kuvuja kilikuwa takriban thuluthi moja ya wagonjwa wa Afrika, wakati katika nchi tajiri kilikuwa chini ya mmoja kati ya kumi. Kinachopasua mishipa hiyo mara nyingi ni presha.

Kwa maneno mengine, mtu wa Nyamagana au Sengerema mwenye presha isiyotibiwa anayemeza aspirini kwa hofu ya damu kuganda, anaweza kuwa anajiandalia kiharusi cha aina ya pili. Vitunguu saumu na tangawizi ni viungo vizuri vya mchuzi, lakini kuvichanganya kwa wingi na dawa za kuzuia damu kuganda bila kumwambia daktari nako kunaweza kuongeza kuvuja.

Picha ya hospitali inaunga mkono hili. Watafiti waliofuatilia zaidi ya wagonjwa 11,000 waliolazwa katika Hospitali ya Kanda Bugando kwa miaka mitatu, na kuchapisha matokeo mwaka 2013, walikuta presha na magonjwa yanayotokana nayo ni miongoni mwa sababu kubwa za vifo wodini, kiharusi kikiwemo. Wengi bado wanadhani Kanda ya Ziwa inauawa na malaria na Ukimwi tu.

Kupima presha ni dakika tano, na mashine ipo hata kwenye zahanati nyingi. Ukilinganisha na kipimo cha fibrinojeni, huu ndio unaobadilisha matibabu yako siku hiyo hiyo.

Na samaki je?

Swali hili haliwezi kukosekana Mwanza. Tanzania imewahi kutoa mchango wake hapa, ingawa si kutoka Ziwa Victoria. Miaka ya 1990 watafiti wakiongozwa na Mwitaliano Paolo Pauletto walilinganisha wanakijiji wa mwambao wa Ziwa Nyasa, waliokuwa wakila gramu 300 hadi 600 za samaki kwa siku, na wenzao wa milimani waliokula zaidi mboga na nafaka. Unaitwa utafiti wa Lugalawa, na ulichapishwa mwaka 1996. Wala samaki walikuwa na presha ya chini na mafuta mabaya machache kwenye damu.

Kilichovutia zaidi ni kwamba walikuwa pia na kiwango cha chini cha lipoprotini(a). Hiki ni chembechembe ya mafuta iliyobeba protini inayofanana sana na plasminojeni, ile malighafi ya plasmini inayokata wavu wa fibrini. Inafikiriwa kuwa mfanano huo unaweza kuivuruga kazi ya kuyeyusha donge. Tofauti na fibrinojeni, kwa lipoprotini(a) vinasaba vinaonesha kuwa yenyewe ni mkosaji wa kweli, na watu wenye asili ya Afrika huwa nayo zaidi kwa wastani.

Kabla hujaagiza sahani nyingine: wale wa Ziwa Nyasa hawakuwa wanakula sato aliyekaangwa kwenye mafuta yaliyotumika tangu juzi, na chipsi pembeni, na chumvi ya kunyunyizia. Wala hakuna anayeweza kusema kwa uhakika kuwa mapanki ya kukaanga yana faida hiyo hiyo. Dagaa wa kuchemsha au sato wa kupaka kwa moto mdogo ndio walio karibu zaidi na kilichopimwa.

Saa nne na nusu

Ipo dawa inayoyeyusha wavu wa fibrini ukiwa tayari umeziba ubongo. Inaitwa alteplase, na kazi yake ni kuiamsha plasminojeni ianze kukata. Kwa kawaida hutolewa ndani ya saa nne na nusu tangu dalili zianze, na ni lazima CT scan ioneshe kwanza kwamba damu haijavuja. Ikitolewa kwa kiharusi cha kuvuja, inaua.

Kwa watu wa mwambao, saa hizo huisha njiani. Kwa wanaotoka Geita na Sengerema, daraja la Kigongo–Busisi lililozinduliwa Juni 2025 limeondoa foleni ya kivuko iliyokuwa ikimeza muda mwingi kabla ya kuifikia Mwanza. Aliye Ukerewe bado anategemea ratiba ya meli, na safari ya Nansio hadi Mwanza kwa meli ni takriban saa tatu. Ukijumlisha muda wa kusubiri, na muda ambao ndugu wanajadiliana kama waanze kwa mganga au hospitali, dirisha limefungwa.

Swali la kwanza ambalo familia itaulizwa mapokezi ni saa ngapi mgonjwa alionekana mzima kwa mara ya mwisho. Kama aliamka akiwa amepooza, saa inahesabiwa kuanzia alipokwenda kulala. Andika muda huo kwenye simu yako, kisha andika majina ya dawa zote anazomeza, pamoja na ile aspirini aliyojinunulia.